Madogo wa biti, jenereta mwachieni fundi

Juzi dogo mmoja wa Chikongola kanitumia biti WhatsApp. Sekunde 40 za mwanzo ni mashine ya kubangua korosho inanguruma, halafu kiki, ule mdundo mzito wa chini, inaingia. Chini kaandika: "Kaka, Detroit kule Marekani wana viwanda vya magari, sisi tuna korosho na gesi. Hii ndiyo tekno ya Mtwara." Tekno ni ule muziki wa dansi wa kupigwa na mashine. Dogo huyu ni wa nne mwaka huu mwenye wazo hilo. Nilicheka mpaka mama watoto akatoka nje kuuliza kuna nini, kisha nikaona haya, maana wa kwanza kabisa nilikuwa mimi.

Haya, nasaha zangu tuziwekee namba, ingawa najua nitapotea njiani.

1. Hadithi ya kiwanda ichunguzeni kwanza. Mmesimuliwa kwamba tekno ilizaliwa kwa sababu vijana wa Detroit walisikia vyuma vya Ford vikigonga usiku na mchana. Tamu kweli. Sasa hao wenyewe walioianzisha, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walisoma pamoja Belleville, kimji cha kando ya ziwa, karibu kilomita 50 kutoka Detroit. Kinanda cha Korg MS-10 Atkins alinunuliwa na bibi yake. Usiku walitega redio wamsikilize mtangazaji aliyejiita The Electrifying Mojo, aliyewapigia Kraftwerk wa Ujerumani, Parliament na Prince bila kubagua. Bibi na redio. Kiwanda kiko wapi hapo?

2. Msikimbilie kusema ni uongo mtupu, lakini. Mwaka 1984 kundi la Atkins, Cybotron, lilitoa "Techno City", kwa hiyo mji wa kufikirika alikuwa nao kichwani. Mwaka 1988 Waingereza walipokusanya santuri ya nyimbo za Detroit, nusura waiite "house" ya Detroit, kama ule muziki wa dansi wa Chicago. Wimbo wa Atkins wenye neno tekno kwenye jina ndio uliogeuza jina la santuri nzima. Muziki ulikuwa umeshachezwa miaka. Mji ukabandikwa juu yake kama lebo kwenye gunia. Baadaye wakaja wengine wakipika muziki ufanane na lebo. Huko ndiko mnakoanzia nyinyi.

3. Aibu yangu. Mwaka mmoja umeme ulikuwa wa kubahatisha na kila duka lilikuwa na jenereta kibarazani. Nikajiambia, hiki ndicho kiwanda changu. Miezi mitatu nilizunguka na simu nikirekodi jenereta, Magomeni, Shangani, hapahapa Mtwara, na moja ya mashine ya kusaga ambayo hadi leo naweza kukuigia kwa mdomo. Nikazipanga kwenye FL, programu ya kutengenezea biti, kila moja na noti yake. Ngoma ya ngozi sikuweka hata moja, niliona ni ushamba. Nikaipeleka Mikindani kwenye shughuli ya kuwatoa wali wa unyago, msimu wa korosho, watu wana hela.

Saa tano usiku nikaiachia. Biti inaanza na jenereta inakohoa. Inakohoa, inakatika, inakohoa tena. Uwanja ukasimama. Mjomba wa mwali, mtu mwema sana, akatua sahani ya pilau akakimbilia nyuma ya nyumba anapiga kelele: "Inakufa hiyo! Zimeni isije ikaungua!" Akaizima jenereta ya kweli. Giza. Spika kimya, mikisa kimya, mimi na hedifoni shingoni kama mkufu. Haya, waeleze watu mia gizani kwamba ile ilikuwa sanaa.

Sikupata hata hiyo nafasi. Wazee walikuwa na vigoma vyao vya mguu mmoja vimechomekwa mchangani tangu jioni. Mmoja akawasha nyasi kavu, akapasha ngozi, akawa anaigonga kwa kidole mpaka ikakaza. Kigoma kidogo kikashika mpigo mmoja, hakikuuacha. Kikubwa kikawa kinajibu kwa kuchelewa kidogo, kama mtu mwenye dharau. Vumbi likapanda hadi kiunoni. Walicheza mpaka alfajiri, na mimi nilicheza, nifanye nini.

Wakati nakunja nyaya, kungwi akanivuta shati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, hilo dude linatunyima usingizi mwaka mzima. Leo tumekulipa uje utupigie hilohilo?"

Nusu ya hela waliizuia. Sikubisha.

4. Bebeni flashi mbili za nyimbo, siku zote.

5. Singeli msiikimbize kwa sababu tu Dar wanaikimbiza. Ile kasi iliota kwenye vigodoro, zile ngoma za mkesha za uswahilini, kwa kuharakisha vipande vya taarabu, mbele ya watu waliodai iongezwe. Kwenu wamedai nini? Kama hujui, wewe hujakaa uwanjani, umekaa kwenye laptopu.

6. Unyagoni ndani hakurekodiwi. Nje, omba ruhusa kwa kungwi, na usiende mikono mitupu.

7. Besi ipunguzeni kwenye kumbi za bati. Nimechoka kuokota misumari.

Na wewe dogo wa Chikongola, biti yako nimeirudia kwa hedifoni. Sekunde ya 31, nyuma ya mashine, kuna mama anaimba huku anabangua, na mwenzake anamwitikia kwa kugonga kitu, nadhani beseni. Ukawakata kabla kiki haijaingia. Nitumie faili ambalo hujalikata, na leo usiku, maana kesho nina harusi Ligula.