Mistral ya zamani au RS:X: bodi ipi ya tanga inafaa bwawa la Nyumba ya Mungu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nilijifunza kuendesha bodi ya tanga nilipokuwa kazini Zanzibar, sasa nimerudi nyumbani Moshi. Kuna mzungu anahama, anauza bodi mbili: Mistral One Design na RS:X, kila moja na tanga lake, na bei zinakaribiana. Nataka kuitumia bwawa la Nyumba ya Mungu. Upepo wa pale huanza kama saa tano asubuhi na huja kwa vipindi: unavuma, unakata, unavuma tena. Nina kilo 78. Ipi ina tabia nzuri majini, hasa kwenye kubisha, yaani kwenda kuelekea unakotoka upepo? – Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu yangu, chukua Mistral. Itakusumbua mahali fulani, nitakuonyesha wapi, ila kwa upepo huo sioni sababu ya kuhangaika na ile nyingine.

Zote mbili zimetumika Olimpiki: Mistral mwaka 1996, 2000 na 2004, kisha RS:X kuanzia 2008 hadi michezo ya Tokyo. Lakini zimeundwa kwa fikra tofauti kabisa. Mistral ina urefu wa sentimita 372 na upana wa 63.5, na tanga lake ni mita za mraba 7.4. RS:X ina sentimita 286 tu kwa urefu, upana 93, na tanga la wanaume ni mita za mraba 9.5. Ile ndefu inapasua maji na kuendelea kwenda hata upepo ukilegea. Ile pana inasubiri upepo wa kuiinua iteleze juu ya maji. Usipoipata nguvu hiyo, inakaa tu kama meza, nawe unabaki kulipigapiga tanga kwa mikono mpaka mabega yawake moto. Kwa upepo unaokatakata, utaimaliza siku hivyo.

Sasa kubisha. Kwenye Mistral shusha ubao wa katikati wote (lile pezi refu linalopita katikati ya bodi na kuingia majini), sogeza kitako cha mlingoti mbele kwenye reli yake, halafu simama pembeni kabisa, upande unakotoka upepo, vidole vikiwa karibu na ukingo. Bodi ikishika mwendo, ubao wa katikati unaanza kuusukuma ukingo huo juu. Wengi hapo huogopa na kuukandamiza. Usiukandamize. Acha bodi ilale kidogo upande wa pili. Ukingo wa chini ukizama, urefu wote ule unashika maji na bodi inapanda upepo bila kuteleza kando. Ikizidi kulala, punguza kujining'iniza kwenye bumu (ule mti wa tanga unaoushika kwa mikono) ili uzito urudi miguuni, au pandisha ubao wa katikati kidogo. RS:X nayo hulazwa hivyo kwenye upepo mdogo, ila kuulaza upana wa sentimita 93 ni kazi, na ukiteleza mguu inajibamiza majini na mwendo wote unapotea.

Jambo linalowachanganya hata waliofundishwa vizuri ni kukunja kona kwa miguu. Ubao wa katikati ukiwa chini na mwendo ni wa polepole, ukikandamiza kushoto bodi ndefu inakunja kulia. Ukipandisha ubao huo na bodi ikawa inateleza, ukikandamiza kushoto inakunja kushoto. Ni bodi ileile, siku ileile! Kwa hiyo kabla ya kona yoyote jiulize ubao uko wapi.

Kugeuka ukiwa unabisha, Mistral ni ya raha. Mbele ya mlingoti pana sehemu ndefu ya kukanyaga, unauzunguka bila papara. Kwenye RS:X ukichelewa hatua moja tu, pua inazama.

Mahali Mistral itakapokusumbua ni upepo wa ubavuni ukiwa mkali. Ukisahau ubao wa katikati chini, bodi inapanda juu yake na kukupindua. Upandishe wote, rudisha kitako cha mlingoti nyuma, nawe urudi nyuma kwenye mikanda ya miguu. Hapo RS:X ingekuacha mbali, nakiri.

Usidanganywe pia na hesabu za Zanzibar. Bwawa liko karibu mita 690 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 7. Tanga lako la 7.4 litavuta kama la 6.9 pwani, upepo ukiwa uleule. Kwetu Arusha, ziwa Duluti likiwa karibu mita 1,300, upungufu unafika kama asilimia 12. Na kwa kilo 78 wewe ni mzito kidogo kwa Mistral. Walioishindania walikuwa wepesi zaidi. Ukiwahi kukutana na Raceboard, yaani bodi ndefu ya mashindano, ya kisasa ya sentimita 380, inayoruhusiwa tanga la hadi 9.5, hiyo ingekubeba vizuri zaidi. Bei yake ni habari nyingine.

Kabla hujalipa, ipime kwenye mzani wa duka la nafaka. Bodi tupu iwe na kilo 15 na ushei. Ikizidi sana, imekunywa maji. Bonyeza kwa dole gumba pale unaposimama: pakibonyea, sponji ya ndani imeachana na ganda. Pandisha na shusha ubao wa katikati, sukuma kitako cha mlingoti kwenye reli hadi mwisho. Mchanga hukwamisha vyote viwili. Vile vikanda vya mpira vinavyoziba mlango wa ubao chini ya bodi vikiwa vimechanika, usiache bodi kwa ajili hiyo, vitakatwa vingine kwa turubai gumu.

Na ukifika bwawani, zungumza na wavuvi kwanza: nyavu zimetegwa wapi, na mamba wameonekana upande gani. Ubao wa katikati ukinasa wavu, utalipa wavu.