Neno "Mubashara" linalowaka wakati si mubashara

SWALI: Ninarusha harusi na mazishi mtandaoni hapa Moshi ili ndugu walioko Dar na ughaibuni wafuatilie. Pleya nimeitengeneza mwenyewe kwa hls.js, maktaba ya JavaScript inayochezesha video za HLS (mfumo wa kurusha video kwa vipande vifupi) kwenye kivinjari. Mstari wa muda unarukaruka. Halafu mtu akisimamisha video apokee simu, akitazama tena anakuta neno "Mubashara" bado linawaka jekundu, kumbe maharusi wameshakata keki zamani. Nimekosea wapi?

JIBU: Karibu, fundi. Nahisi neno hilo unalibadilisha kwenye timeupdate, tukio ambalo kivinjari hulitoa kila video inaposonga. Tukio hilo hunyamaza video inaposimama, ilhali harusi haisimami. Weka setInterval (saa ya kurudia kazi) ya sekunde 1, ndani yake chukua hls.liveSyncPosition, yaani pale anapotakiwa kuwa anayetazama mubashara, uipunguze currentTime, yaani pale alipo mtazamaji. Tofauti ikizidi sekunde 10, neno liwe la kijivu na ligeuke kitufe: akiligusa, anapelekwa kwenye liveSyncPosition.

Usidai tofauti na ukumbini iwe sifuri. Apple, wenye HLS, wanapendekeza vipande vya sekunde 6, na hls.js kwa kawaida huanzia vipande 3 nyuma ya ukingo, yaani mwisho wa kilichokwisha kurushwa. Hizo tayari ni sekunde 18, kwa hiyo aliye ukumbini akimpigia simu aliye London, atamharibia utamu tu.

Mstari nao unarukaruka kwa sababu, nadhani, unaupima kwa duration, yaani urefu wa video. Matangazo ya mubashara hayana urefu maalumu, hls.js huongeza duration kila inaposoma upya orodha ya vipande. Washa mpangilio wa liveDurationInfinity, unaoifanya duration isiwe na mwisho, kisha chora mstari kuanzia mwanzo wa seekable (sehemu ya video inayoweza kurukiwa) hadi mwisho wake. Hilo ndilo dirisha halisi ambalo mtazamaji anaweza kurudi nyuma. Akisimamisha kupita dirisha hilo, pale alipoachia hapapo tena na pleya itamrusha mbele. Mwandikie kwamba amerushwa, asidhani video imeharibika.

Hata hivyo mimi mstari wenyewe ningeufanya mdogo. Niliporusha sendoff moja hapa Arusha, mama mkubwa wa bibi harusi alihangaika na kile kidoti cha kuburuta kwenye mstari hadi akanipigia simu katikati ya kazi. Kidole kwenye simu hakilengi sekunde. Kitufe kikubwa cha "rudi sekunde 30" kilimtosha.

Sauti: tangu 2018 Chrome huzuia video kuanza yenyewe ikiwa na sauti. Ianze bubu, na "Washa sauti" iandikwe katikati ya picha, si kialama pembeni.

Kuna pia mpangilio wa hls.js uitwao maxLiveSyncPlaybackRate, unaoongeza mwendo kidogo ili aliyechelewa awafikie wenzake. Kwenye harusi sawa. Kwenye mazishi uache kwenye 1, yaani mwendo wa kawaida, maana kwaya ikianza kuharakisha wimbo kaburini, lawama zitakuja kwako.

Kabla ya Jumamosi chukua simu mbili, moja isimamishe dakika tano huku nyingine ikiendelea, uone neno lako linasemaje.