Arki za jikoni: namna ya kuziweka

Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza keki na barafu za nyumbani, nilimimina mafuta ya karafuu kwenye kikombe cha plastiki, kile chembamba kinachong'aa, ili niyapime kwa matone. Nikaitwa mlangoni. Niliporudi, kikombe kilikuwa kimelainika na ndani kimeingia ukungu. Plastiki ilikuwa imeanza kuyeyukia kwenye kitu nilichotaka kuwalisha watu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, shika hili kwanza: arki, yaani kimiminika kikali cha kutia ladha na harufu kwenye chakula, usiihamishe chupa bila sababu. Za mafuta, kama karafuu, chungwa, ndimu na mnanaa, hula baadhi ya plastiki. Ukinunua lita nzima na huna budi kugawa, tafuta chupa ndogo za kioo, za rangi ya kahawia, kavu kabisa, uzijaze karibu na shingo. Chupa ikifika nusu, nusu nyingine ni hewa, na hewa ndiyo inayoziua. Chota kwa bomba la sindano safi, kila arki na bomba lake, na kilichobaki kwenye bomba usikirudishe chupani.

Za jamii ya machungwa ndizo zinazowahi kuharibika. Zangu nilizipanga rafu ya juu ya jiko la gesi kwa kuwa ni karibu na mkono, zikawa zinapata joto na mwanga kila siku. Mteja mmoja akanirudishia keki ya chungwa, akasema inanuka rangi ya mlango. Nilionja keki, nikaonja siagi, nikalaumu mayai. Kumbe ni chupa. Nilimwokea nyingine bure, na niliumia sana, kwa sababu ilikuwa ya akika ya mwanawe. Siku hizi arki za chungwa na ndimu zinakaa kwenye friji, nyuma kabisa, si mlangoni ambako joto linapanda kila ukifungua. Nazinusa kabla ya kila kazi.

Lavani, yaani vanila, haina haja ya friji. Kabati lenye giza linatosha. Ila jua uliyonunua ni ipi. Kwa sheria ya Marekani, lavani halisi lazima iwe na pombe asilimia 35 au zaidi. Hiyo ndiyo inayoifanya ikae miaka, na ndiyo inayoifanya ishike moto, basi usiifungue karibu na jiko linalowaka. Wengi wetu tunachukua ya gliserini, isiyo na pombe. Hiyo haidumu vile, kwa hiyo andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, siyo uliyoinunua.

Na tafadhali, usitie arki kwenye chupa ya soda. Hata kidogo, hata kwa siku moja. Inanukia peremende, na mtoto ataamini pua yake. Mafuta ya karafuu, hata kijiko kimoja cha chai, yanaweza kumfikisha mtoto mdogo pabaya sana. Zangu zimo kwenye kabati la juu lenye kufuli. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, maana mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na chupa uende nayo ikiwa na lebo yake, daktari aisome mwenyewe.