Usimfundishe mtoto kusema "sijambo" mbele ya mtathmini wa PIP

Dada, umeuliza humu umwandae vipi mwanao kwa tathmini ya PIP. Nilipofika pale ulipoandika "nitamnyoa vizuri, nimvalishe shati lake la Idi, nimwambie ajibu kwa adabu", niliweka kikombe chini. Usithubutu! Mtoto anatimiza miaka 16, anatoka DLA (posho ya ulemavu ya hapa Uingereza, siku hizi ya watoto) anaingia PIP (posho ya ulemavu ya watu wazima), wewe unamwandaa kama anakwenda kuposa.

Mimi nilihamishwa kutoka DLA kwenda PIP 2016. Polio ilinipata mguu wa kushoto nikiwa mdogo Tanga, na hapa Uingereza nilikuwa napata DLA ya mwendo, kiwango cha juu, ndiyo iliyolipia gari. Akaja mzee mmoja wa jumuiya yetu, mjuzi wa kila kitu (hata visa anajua, waulize waliorudishwa). Akanambia: usilalamike mbele ya Mzungu, ataona unaigiza. Vaa, tabasamu, jikaze.

Nikajikaza kweli. Mtathmini alikuwa mama mpole. Habari za asubuhi? Nzuri kabisa. Mguu? Alhamdulillah, nimeshauzoea. Dukani unakwendaje? Kwa miguu, ni hapo tu, kama mita 150. Basi! Sikusema kwamba njiani nasimama mara nne nimeshika ukuta wa watu. Sikusema nimeshaanguka mara mbili pale kwenye kona, wala kwamba nikirudi nalala na maumivu na siku hiyo safari ya pili haipo. Nani anamwambia mgeni mambo hayo? Kwetu mtu yuko kitandani ana dripu mkononi, ukimwuliza hujambo, anakwambia sijambo.

Yule mama akaandika nilichosema. Kwenye PIP, anayeweza kutembea zaidi ya mita 50 lakini si zaidi ya 200 anapewa pointi 4, na chini ya pointi 8 posho ya mwendo hupati. Gari likarudi lilikotoka, nami nikaijua ratiba ya basi kuliko dereva. Nikaomba uamuzi uangaliwe upya, wakakataa. Nikakata rufaa, miezi ikapita. Siku ya siku nikakaa mbele ya jaji, daktari na mjumbe wa mambo ya ulemavu. Daktari akauliza: ukishatembea mita 20, kinatokea nini? Nikamwaga yote. Pointi 12. Yule mzee akanipigia kunipongeza, eti dua zake zimejibiwa.

Sasa nisikilize. Mwanao asijibu "naweza" halafu akanyamaza. Kwa sheria yao, jambo unaliweza ukilifanya salama, kwa kiwango cha kuridhisha, tena na tena kila linapohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na tatizo lako. Likikosekana moja hapo, huliwezi. Akiulizwa kuoga, aseme nani anamshika. Akiulizwa ngazi, aseme anapanda vipi na akifika juu anakuwaje. Kwenye fomu mwandike hivyo hivyo, na mbaki na nakala. Kwenye tathmini uwe naye, mnaruhusiwa. Akianza kujikaza, mkanyage mguu (ule mzima).

DLA yake itaendelea kulipwa mpaka uamuzi utoke, mradi mmeomba PIP ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua. Uliuliza na nini kingine? Ah, hela ziingie akaunti ya nani. Hilo wengine humu watakujibu. Shati la Idi liache kabatini.