Kioo cha paa hakizibwi kwa gundi

Yaya, umeuliza kama kioo cha paa la gari kilichopigwa na jiwe kinaweza kuzibwa kwa gundi kama cha mbele. Hapana. Cha mbele ni tabaka mbili zenye plastiki katikati. Cha paa, kwa magari mengi, ni tabaka moja tu, kikipasuka kinakuwa punjepunje. Badilisha chote.

Kwanza usiguse swichi yake, hata kujaribu! Punje zikiingia kwenye reli zinakwaruza na kukwamisha mota. Funika kwa nailoni, maana mvua ya Goma haingoji. Kisha tafuta kioo kwa namba ya chasi, si kwa macho.

Kinachofungwa kwa skrubu pembeni hakihitaji kushusha kitambaa cha dari. Kilichogandishwa kwa gundi mpe fundi aliyezoea.

Ila mipira (mabomba membamba) ya kutoa maji kwenye kona za kioo ndiyo watu wanasahau. Yangu, hapa Himbi, ilizibwa na vumbi letu jeusi pamoja na punje, zulia likalowa wiki nzima, nikalaumu kioo kipya bure. Mwaga kikombe cha maji taratibu kwenye mfereji unaozunguka kioo: yatoke chini ya gari kabla fundi hajaondoka.