Maswali ya Wasomaji: -ough ina kanuni gani?

Swali: Binti yangu wa kidato cha pili anachanganya though, through, thought na thorough, akisoma na akiandika. Je, -ough ina kanuni, au ni kukariri tu? (Mzazi, Morogoro)

Jibu: Kanuni ya kutegemewa ni ya -ought. Neno likiishia hivyo, husomwa "oot", o ikivutwa: bought (alinunua), brought (alileta), fought (alipigana), sought (alitafuta), thought (alifikiri). Linaloasi ni drought, yaani ukame, ambalo ni "draut".

Hapo wengi huteleza kwenye bought na brought. Aanze na kitenzi chenyewe: buy haina r, kwa hiyo na bought haina, bring inayo, na brought hubaki nayo. Akiandika "I bought my sister to school", basi kamnunua dada yake! Simu haitampigia mstari mwekundu, maana neno lenyewe ni sahihi.

Pasipo t, kuna makundi tu. Tough (gumu), rough (lenye kukwaruza) na enough (ya kutosha) huishia "af". Cough (kikohozi) na trough (hori la mifugo) huishia "of". Bough (tawi kubwa la mti) na plough huishia "au". Hili la pili tunalo kabisa katika Kiswahili, plau. Dough, unga uliokandwa, ni "dou".

Sasa yale manne yake. Though (ijapokuwa) huanza na dh ya dhahabu: "dhou". Mengine matatu huanza na th ya thelathini: through (kupitia) ni "thruu", thought ni "thoot", na thorough (-a kina, bila kuacha kitu) Waingereza husema "thara", Wamarekani "tharou". Kama amezoea kusema "zahabu" na "selasini", arekebishe hapo kwanza, la sivyo though atalisoma "zou" na through "sruu". Kisha amwandikie mtu imla ya sentensi nzima, si maneno matupu, kwa sababu maana ndiyo inayoamua tahajia.

Vurugu hii ina chanzo. Zamani gh ilitamkwa, kwa sauti iliyokaribia kh ya Khamisi. Baadaye ikafa: kwingine ikageuka f, kwingine ikapotea kabisa. William Caxton alikwisha kuanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, na wachapaji wakaendelea kupanga herufi zilezile za zamani huku midomo ya watu ikibadilika.

Swali: Kwikwi ni hiccup au hiccough? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Yote mawili yamo kwenye kamusi na yote husomwa "hikap". Hiccup ndilo la awali. Hiccough lilizuka watu walipodhani kwikwi ni aina ya kikohozi. Andika hiccup.