Maswali ya wasomaji: Kufuta bila kujuta

Jambo yaya. Nina depo ya sabuni hapa Kadutu. Nilitaka kumfuta mteja mmoja kwenye MySQL, programu ya hifadhidata inayotunza orodha zangu, wakaondoka wote 640. Niliandika DELETE FROM wateja, basi.

Pole sana mama. Kilichokosekana ni WHERE. Bila hiyo, hifadhidata haijui unamtaka nani. Inafagia jedwali zima na haikuulizi mara mbili. Nami niliwahi kufuta hivyo madeni ya duka la shemeji yangu. Wadaiwa wake bado wananiombea heri.

Tangu siku hiyo naanza na SELECT * FROM wateja WHERE namba = 27, amri inayoonyesha tu bila kufuta. Nikimwona yuleyule mmoja, ndipo naweka DELETE mahali pa SELECT *, na WHERE siigusi. Tena natanguliza START TRANSACTION, inayofungua muamala, yaani kazi inayosubiri nithibitishe. Nikijibiwa kwamba rekodi 1 imefutwa, naandika COMMIT, kuthibitisha. Nikiona 640, naandika ROLLBACK, kutengua, na jedwali likiwa la InnoDB (aina inayokubali muamala) wote wanarudi. Wako, mama, wamekwenda: usipofungua muamala, MySQL huthibitisha kila amri papo hapo. Tafuta nakala ya akiba.

Nafuta kwa lugha ya Python kwenye SQLite, hifadhidata nyingine, programu hailalamiki, lakini nikifungua tena rekodi ziko palepale. Mwanafunzi, Ibanda.

Umesahau conn.commit(), ndiyo COMMIT ya Python. Na jina analoandika mtumiaji usiliunge kwenye amri kwa alama ya kujumlisha. Andika hivi:

cur.execute("DELETE FROM wateja WHERE jina = ?", (jina,))

Alama ya ? hulichukua jina kama jina tu, si amri. La sivyo mjanja ataandika ' OR '1'='1 mahali pa jina, sharti liwe kweli kwa kila mteja, nawe utapatwa na msiba wa yule mama wa Kadutu.

Mimi ni karani wa shule, Bagira. Mwanafunzi amehama lakini hafutiki. Hifadhidata yetu, PostgreSQL, inakataa na kunitajia jedwali la malipo.

Inakulinda. Malipo yake yamefungwa kwake kwa ufunguo wa kigeni, yaani kiungo kinachotaka kila malipo yawe na mwenyewe. Ungekuwa umeuwekea ON DELETE CASCADE, angefutika pamoja na malipo yake yote, na siku ya ukaguzi ungeeleza nini? Pesa za watu hazifutwi. Ongeza safu ya hali, andika "amehama", umwache hapo.

DELETE na DROP TABLE si kitu kimoja?

Hapana. DELETE hutoa magunia, ghala likabaki. DROP TABLE hubomoa ghala lenyewe. Kwenye PostgreSQL, ukiwa ndani ya muamala, bado unaweza kuandika ROLLBACK. Kwenye MySQL, DROP TABLE hujithibitisha yenyewe, na huthibitisha pia chochote ulichokuwa hujakithibitisha kabla yake.